Siku Mbili Nilizochelewa Kufuta

Miaka ile biashara zilipoachiwa huru na kila mwenye uwezo akafungua anachotaka, mama mmoja aliyekuwa akiuza vitenge na madaftari pale Lushoto alinunua kompyuta nne zilizokwisha tumika, akaziweka katika chumba cha nyuma cha duka lake. Mimi nilikuwa nimetoka chuo cha uhazili, nikijua kupiga taipu bila kutazama vidole. Akaniajiri kwa sababu hiyo tu. "Vitufe ni vilevile," alisema.

Vitufe vilikuwa vilevile, lakini mengine yote yalikuwa mageni. Intaneti ilipitia waya wa simu, na mvua ikishika milimani waya ule ulikatika mara tano kwa asubuhi moja. Mwezi wa tatu mwalimu mmoja alileta disketi yenye virusi, na kabla ya saa sita mchana kompyuta zote nne zilikuwa zinameza mafaili. Barua za watu zilipotea, pamoja na nyimbo ambazo kiongozi wa kwaya ya Kilutheri alikuwa ameziandika kwangu kwa wiki nzima. Nilikaa na zile mashine zilizougua nikijua kuwa mwenye duka akija nitaulizwa.

Kompyuta moja ilikuwa bado inafungua kurasa. Nikatafuta kwa Kiswahili, nikaangukia jukwaa la watu waliokuwa wakijadili usalama wa kompyuta: virusi, maneno ya siri, namna ya kuwazuia wezi. Wengi walikuwa Dar es Salaam na Arusha, wengine walikuwa masomoni ng'ambo. Nikaandika shida yangu kwa woga. Baada ya saa moja fundi mmoja wa Tanga akanijibu.

"Dada, usiharakishe," aliandika. "Kwanza chomoa waya wa simu kwenye zile tatu. Ukimaliza niambie unaona nini."

Aliniongoza kwa siku tisa. Laini ikikatika nilimkuta ananisubiri palepale tulipoachia. Hakunicheka hata siku moja, na hakuniomba chochote. Mashine zikapona, na mimi nikabaki jukwaani. Mwaka ule wote alinifundisha, na sikuwahi kuiona sura yake wala kusikia sauti yake.

Kwa kuwa nilikuwa mbele ya kompyuta kutwa nzima, na kwa kuwa sikuwa mgomvi, waanzilishi wa jukwaa wakaniomba niwe msimamizi pamoja na wenzangu wawili. Kanuni zilikuwa tatu: usitukane, usianike cha mtu, usifundishe wizi. Kazi yenyewe ilikuwa ya kufuta matusi na kuwatuliza waliogombana juu ya vitu vidogo.

Kitu kimoja kilinisumbua tangu mwanzo, nacho ni kwamba kule hapakuwa na shikamoo. Sisi milimani mtoto akimpita mtu mzima bila kumwamkia, habari hufika nyumbani kabla yake. Jukwaani hukujua mwenzako ana miaka kumi na saba au sitini. Watu waliandika "wewe" na "niaje" kwa yeyote. Nilijiambia kwamba huo ndio ulimwengu mpya, nami nikauzoea kiasi.

Kisha akaingia mwanachama mpya kutoka Muheza. Aliandika kwa herufi kubwa tupu, akaeleza kwamba anauza iliki na karafuu karibu na soko, na kwamba wateja wake wa Dar sasa wanamwandikia barua pepe. Aliogopa mtu asije akaingia kwenye barua zake. Akaweka anwani yake hadharani. Ilianza na neno "mama", likafuatiwa na jina la mtoto. Akaongeza kwamba neno lake la siri ni fupi, la nyumbani, ili asilisahau.

Fundi wa Tanga hakuchukua hata robo saa. Alibahatisha kwamba neno la siri ni jina lile la mtoto kwa kifupi cha nyumbani, akajaribu machache, na kweli mlango ukafunguka. Akaliandika jukwaani ili kila mtu alione, na chini yake akaweka: "Somo la leo. Barua zake sijazisoma. Lakini mama wa sokoni akiingia intaneti bila kufunga mlango, ndiyo haya."

Lilikuwa jina la utani, la kitoto, kama yale tunayowapa watoto wanaojifunza kutamka. Sitaliandika hapa. Wanachama walilicheka kurasa mbili nzima, kila mmoja akilichezea kwa namna yake. Katikati ya vicheko yule mwanamke akaandika sentensi moja: "NAOMBA MLIFUTE." Kisha akaniandikia mimi msimamizi, kwa faragha, maneno yaleyale.

Nilipaswa kulifuta dakika ile. Sikulifuta. Nilijiambia kwamba fundi anafundisha, na kwamba somo lenyewe ni la kweli. Nikawaandikia wasimamizi wenzangu, nao wakajibu, "Wewe ndiye uliyezoeana naye, amua." Niliandika barua ya kumwonya, nikaifuta, nikaandika nyingine. Ukweli ni kwamba nilimwogopa. Si kwa ubaya wowote. Niliogopa kuonekana mtovu wa shukrani. Siku ya kwanza ikapita hivyo. Siku ya pili, karibu na adhuhuri, ndipo nilipofuta kila kitu na kumfungia fundi kwa mwezi mmoja.

Aliniandikia barua pepe papo hapo. "Kila unachokijua nimekufundisha mimi."

"Ni kweli," nilimjibu. "Na kanuni ni ya kweli pia."

Baadhi ya wanachama waliondoka jukwaani kwa ajili yake, na wengine wakaniita mshamba wa milimani. Nilibadilisha maneno ya siri ya kompyuta zote za dukani, na kwa wiki kadhaa nilikuwa nashtuka kila mashine ilipochelewa kuwaka.

Yule wa Muheza nilimwandikia mara tatu bila kupata jibu. Nilikuwa na shangazi aliyeolewa kule, na alipojifungua nilitumwa kumpelekea mboga na salamu za nyumbani. Siku ya pili yake nikaenda sokoni, nikauliza duka la iliki la mama anayetumia kompyuta. Walinionyesha mara moja.

Nilikuwa nimejenga picha ya msichana wa rika langu. Nilimkuta mwanamke aliyemzidi mama yangu umri, amevaa miwani iliyofungwa uzi mguu mmoja, anapepeta iliki kwenye ungo.

"Shikamoo, mama," nilisema, na neno lile lilinichoma nilipolitamka.

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nikamwambia mimi ni nani. Aliweka ungo chini, akanivutia kigoda. Nilimwomba radhi kwa maneno niliyokuwa nimeyapanga njia nzima, na mengi yalinitoka yamevurugika. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Wale vijana sikuwakasirikia sana," alisema. "Hawakujua. Mwenye jina lile ni binti yangu wa mwisho. Amefariki huu mwaka wa sita."

Aliuokota ungo, akauweka magotini.

"Jina lile tulimwita sisi nyumbani tu. Baba yake naye hayupo. Kwa hiyo hakuna tena wa kuliita. Mimi nilikuwa naliandika kila asubuhi nikifungua barua. Ni hivyo tu." Aliokota punje moja ya iliki iliyoanguka, akairudisha. "Wewe nilikukasirikia, mwanangu. Siku mbili. Nilikuwa naacha duka, nakwenda pale kwenye kompyuta kuangalia kama bado lipo. Siku ya pili asubuhi nikakuta mtu ameingia, amebadilisha. Nimefungiwa nje ya barua zangu mwenyewe."

Hilo sikulijua. Kumbe nilipokuwa nikiandika na kufuta onyo langu, mtu tusiyemfahamu alikuwa ameshaingia na kubadilisha kufuli. Hata leo nikilikumbuka hilo natamani kuinuka nilipokaa.

"Yule fundi nimwambie?" nilimuuliza.

Alifikiri. "Mwambie. Usimwambie kwa ugomvi. Ajue tu."

Niliporudi Lushoto nilimwandikia fundi kama nilivyoagizwa, bila kuongeza wala kupunguza. Siku nne zilipita. Kisha akaandika: "Nimesoma. Mimi pia nina binti. Nipe anwani ya duka lake nimwombe radhi, na barua zake naweza kuzirudisha."

Anwani sikumpa. Nilimwambia aandike radhi yake, niichape na kuituma mwenyewe, na barua zirudishwe kwa njia iliyo wazi, yule mama akijua kila hatua. Nilidhani atakasirika tena. Alikubali. Alinieleza namna ya kuiandikia kampuni yenye huduma ile ya barua na maswali watakayouliza. Mimi nikampigia simu mama wa Muheza kutoka dukani, naye akanijibu moja moja, akingoja niandike. Kampuni ilituzungusha wiki tano. Mwishowe mlango ukafunguka. Barua nyingi zilikuwa zimefutwa, na wateja wawili hawakurudi tena.

Mwezi wake ulipokwisha, fundi alirudi jukwaani na kuwasaidia wageni kwa subira ileile aliyonionyesha mimi. Lakini mimi hakuniita tena dada. Aliniita msimamizi, kwa adabu, hadi jukwaa lilipokufa watu walipohamia kwenye mitandao ya simu. Jambo hilo lilinipa huzuni, ingawa sikuona kosa la kumlaumu. Nilikuwa nimemfungia mtu aliyeniokoa, na ningemfungia tena, mapema zaidi.

Wasimamizi tuliongeza kanuni moja tu baada ya hapo, nayo ilituhusu sisi: kitu cha mtu kikianikwa, kwanza kiondolewe, majadiliano baadaye. Niliiandika mimi, na sikuwaambia wenzangu kwa kirefu imetoka wapi.

Mama wa Muheza hakuingia tena jukwaani. Radhi ya fundi aliipokea. Aliniambia ameisoma mara mbili na kuiweka. Alipokwama alipiga simu dukani na kuniuliza mimi. Mara ya mwisho ninayoikumbuka alitaka kujua kama afungue barua iliyotoka kwa mtu asiyemfahamu. Nikamwambia aiache kwanza, anisomee jina la aliyeituma herufi kwa herufi. Akaanza kunisomea polepole, nami nikashika kalamu.