Michi mbili, kinu moja

Mujukuu wangu anasoma ordinatere, ile kompyuta, ku université hapa Butembo. Siku moja alinikuta natwanga sombe, majani ya muhogo, yeye analia.

"Koko, kesho ni examen ya mwisho. Nikianguka tena, bananifukuza! Kazi mbili zinapashwa kutumia fasi moja ndani ya mashini, lakini zangu zinagongana."

Nikamupatia muchi ya pili. Kwetu banamuke babili banatwanga kinu moja. Yeye akashusha pamoja na mie, michi ikagongana, sombe ikaruka chini.

"Weye! Ulikomalia kwetu Oicha ao Ulaya?" Nilicheka sana. "Ngojea yangu ipande, njo yako ishuke!"

Akakimbilia kayé yake, akaandika: kazi moja ingojee ingine imalize.

Examen ilipita. Majibu haijatoka. Kila siku anakuja kutwanga na mie, lakini kila mara anageuka kuangalia upande wa université, tunagongana tena.