Soketi Nyuma ya Jiko la Chaka

Mti wa mukima, ule unaopandwa mipakani mwa mashamba kwa ajili ya mbao, niliununua kwa mama mmoja wa Chaka, mjane anayepika chakula cha kuuza karibu na soko. Ulikuwa umeanza kuliegemea paa la jiko lake. Tuliupasua mbao palepale, na kwa vile karakana yangu ya Gatitu ilikuwa imejaa, alikubali nizikaushie chini ya banda lake la mabati.

Mbao hazitaki haraka. Nilizipanga juu ya mawe zisinyonye unyevu wa udongo, nikaweka vijiti vya unene mmoja kati yake upepo upite, na ncha nikazipaka rangi ya mafuta, maana ncha zikitangulia kukauka mbao hupasuka. Kilichobaki ni mtu wa kwenda kupima uzito wa kipande nilichokitenga, mpaka kiache kupungua. Baba akasema ataenda yeye.

Baba aliishi nasi tangu mama yangu afariki, na kila mwezi alizidi kunyamaza. Nilimpa gari langu dogo la umeme, la mtumba, ambalo betri yake ilikuwa imechoka. Ule mwinuko wa kwenda Chaka, hasa asubuhi za baridi, uliimaliza karibu chaji yote. Mteremko wa kurudi hurudisha kidogo, lakini si cha kutegemea. Basi yule mama akamruhusu kuchaji jikoni kwake. Soketi ya kawaida hulijaza gari polepole mno, kwa hiyo baba akitoka asubuhi alirudi jioni.

Siku moja alirudi amenyong'onyea. Alikuwa ametumia waya wa ekstensheni, mwembamba, bila kuukunjua wote, ukapata moto hadi plastiki ikayeyuka. Yule mama alizima swichi kubwa mapema, na wala hakumlaumu. Hata hivyo baba aliona aibu, akaniambia nitafute mtu mwingine wa kuangalia mbao. Wiki zilizofuata alishinda chumbani, na mke wangu akaniambia mzee hamalizi chakula.

Nikaenda Chaka mwenyewe. Kabla sijafunga mlango wa gari, yule mama aliniuliza kama mzee ni mgonjwa. Nilimweleza. Alinipeleka nyuma ya jiko. Ukutani palikuwa na soketi mpya yenye kifuniko cha mvua, na waya wake mnene ulitoka moja kwa moja kwenye boksi ya stima. Alikuwa amemwita fundi. Yeye hana gari, wala watoto wake hawana.

"Mwambie iko tayari," akasema, macho yake yakiwa kwenye mbao.

Nilimwambia baba tukila. Aliuliza waya una unene gani. Kesho yake alinyoa ndevu, akavaa koti lake zuri, akaondoka.

Baadaye nilimuuliza wanaongea nini kutwa nzima.

"Hapa kwako mnaniuliza kama nimekunywa dawa," akasema. "Yeye ananiuliza naonaje."

Hakusema kwa ubaya, lakini neno hilo lilinikaa moyoni. Usiku ule nilimfikiria mama yangu, na sikujua kama nifurahi.

Kipande kilipoacha kupungua uzito, nilienda na pikapu kuchukua mbao. Baba alikuwa amefika kabla yangu, na zile nzuri zaidi alikuwa ameziweka kando.

"Hizo ziache," akasema. "Tunataka kitanda."

Yule mama aliingia jikoni haraka, eti chai inafurika. Mimi nilichukua futi nikaanza kupima, na baba akashika upande wa pili.

Wazee wa pande zote mbili walikaa wakaelewana. Kitanda nilikiunga hukohuko bandani, kisha nikampelekea baba nguo zake na redio. Anasema chumba chake cha Gatitu tukitumie tupendavyo. Bado hatujakitumia.