Isale la Halmashauri

Miaka ile tuliambiwa msaada umepata njia fupi. Zamani ulitoka serikali kuu ya kwao ukaja serikali kuu ya kwetu, ukinenepesha watu njiani. Sasa mji mmoja wa Ulaya ungeisaidia wilaya yetu moja kwa moja, madiwani kwa madiwani. Halmashauri ndiyo jirani wa mwananchi, walisema. Mimi nilikuwa na shahada ya maendeleo na sina kazi, kwa hiyo niliafiki kwa maneno marefu.

Mji ule ungetoa mabomba na tangi. Sehemu ya halmashauri yetu ilikuwa kutoa chemchemi, na chemchemi ilikuwa kwenye kihamba cha baba, shamba letu la urithi kuizunguka nyumba. Hapo ndipo ulipoanzia mfongo, mfereji wa mababu ulionywesha migomba yetu na ya majirani wa chini, kila nyumba kwa zamu yake. Kahawa ilikwishakosa bei. Tulikuwa tunaishi kwa migomba. Baba akakataa.

Mwenyekiti wa halmashauri alikuja na mhandisi, akakataliwa. Akaja na ramani, akakataliwa. Mara ya tatu alikuja peke yake, kwa miguu, ameshika jani la isale.

Kwa mgeni hilo ni jani tu la mmea tunaopanda mipakani. Kwetu, aliyekukosea akikuletea isale, si suala la kupenda, lazima usamehe. Kulikataa ni kuuitia balaa uzao wako.

“Shikamoo, meku,” alimwamkia baba, kama tunavyowaita wazee.

“Marahaba. Umenikosea nini?”

“Bado, meku.”

Baba alicheka, kisha akaacha kucheka. “Unaomba radhi ya kesho?”

“Naomba tusigombane. Nusu ya maji itabaki mfongoni. Kwani mimi si mwanao?”

Baba alilitazama jani lile kama mtu anayetazama mbwa wake mwenyewe akimwonyesha meno. Akalipokea.

Wizara isingeweza jambo lile. Mzungu asingeweza. Ilihitajika serikali iliyo karibu na wananchi.

Maji yote yakaingia bombani, yakateremka hadi mji wa wilaya. Kiangazi cha pili mfongo ulikuwa njia ya mbuzi. Baba alipokwenda kuulizia nusu yake, mwenyekiti alimwambia vipimo vya bomba vilipangwa na wafadhili. Wafadhili walipokuja kukagua, halmashauri ikaniajiri mkalimani, shahada yangu ikapata kazi ya siku moja. Meya wao, mtu mpole mwenye viatu vikubwa, alinieleza kwamba mgawanyo wa maji waliiachia halmashauri, maana hawakutaka kutuamulia mambo yetu. Kila upande ulimheshimu mwenzake, na katikati ya heshima hizo migomba ikanyauka.

Meya alikuwa ametuma habari mapema kwamba angependa kumwona mzee aliyetoa chemchemi. Mama alikuwa ameondoka alfajiri kwenda soko la Kwa Sadala, akarudi na mkungu kichwani kwa njia ya nyuma, majirani wasimwone. Mke wa kihamba kununua ndizi ni kama padre kuazima msalaba.

Tulipoketi, meya akataka kujua kama mzee alikubali kwa hiari yake.

“Mwambie nililetewa isale, nikapokea,” alisema baba.

Nikaeleza isale ni nini. Meya akaguswa sana. Kwao, alisema, hawana mila nzuri namna hiyo.

“Muulize, kwao halmashauri ikitaka kukukosea inakujaje?”

Nikauliza. Meya alifikiri, akacheka kidogo, akasema kwao huwa haiji.

“Basi wao ni waungwana zaidi,” alisema baba. Hilo sikulitafsiri; mwenyekiti alikuwa ananitazama, na malipo yangu yalikuwa mfukoni mwake.

Mtori wa ndizi ukaletwa. Meya alimaliza bakuli, akazisifu ndizi, akauliza kama ni za shamba hili. Kabla sijafungua mdomo, mwenyekiti alidakia kwa Kiingereza chake mwenyewe: ndiyo, za hapa hapa, ndiyo matunda ya mradi.

“Wanasemaje?” mama akaniuliza.

Nikamwambia, neno kwa neno.

Mama alichukua upawa, akamjazia meya bakuli hadi ukingoni, akamwambia karibu, baba, kula ushibe. Mwenyekiti naye akainua bakuli lake, akitabasamu. Mama akafunika sufuria.

“Zimekwisha,” alisema, na mvuke ulikuwa bado unatoka pembeni mwa kifuniko.