Gertrude Alivyomwombea Dada Yake

Pale Bura, milimani kwa Wadawida, ukitaka kufundishwa habari za maombi, usihangaike kwenda mbali. Nenda kwa Gertrude, mke wa Thadeus. Mama huyu amelima kabeji kwenye kishamba chake cha mlimani tangu aolewe, na kila Alhamisi jumuiya ya kanisa inapokutana, yeye ndiye hufafanua Neno. Atakukumbusha kwamba Hana wa kwenye Biblia aliomba mtoto, akapewa Samweli. Daudi alifunga na kulala chini akimwombea mwanawe, na mtoto akafa. Daudi akainuka, akaoga, akala. Musa aliomba avuke Yordani, akaambiwa basi, jambo hilo usinitajie tena, panda mlimani utazame kwa macho. Paulo aliomba aondolewe mwiba, akaachiwa mwiba wake na kuongezewa neema. Mungu hujibu kila ombi, Gertrude hupenda kusema, na hapana pia ni jibu.

Maneno matamu hayo, bora hiyo hapana imwangukie mtu mwingine. Kwa ombi lake mwenyewe Gertrude hakutaka kuisikia kabisa.

Ombi lenyewe lilikuwa hili: dada yake mkubwa, Teresia, aliyeolewa Mata kule Taveta, aje Bura amwombe msamaha. Mama yao alikuwa akiuguzwa kwa Teresia. Habari kwamba amezidiwa zilimkuta Gertrude sokoni Voi, na mzigo bado mbichi. Akaona amalize kuuza kwanza, kabeji zisije zikaoza, ataondoka kesho. Kesho yake mama hakuwapo tena. Alipofika Mata akilia, Teresia akamwambia mbele ya waombolezaji wote, "Kabeji zimeisha ndipo umemkumbuka mama?" Wakazika, kila mtu akarudi kwake, na tangu siku hiyo hawakusemezana. Neno lile lilimchoma Gertrude, na lilimchoma zaidi kwa kuwa lilikuwa la kweli.

Basi kila Alhamisi, ikifika zamu ya kutoa nia za maombi, Gertrude alisimama, akafumba macho, akaomba kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Bwana, mlainishe ndugu yetu mmoja aliye Mata, mwenye moyo mgumu na ulimi wa kuchoma, umlete hapa kwa unyenyekevu. Wenzake waliitikia huku wanakonyezana, maana nani Bura hajui Gertrude ana ndugu wangapi Mata? Thadeus, mtu wa maneno machache, alimwambia siku moja kwamba ombi hilo limetiwa pilipili. Gertrude alimnunia mpaka chakula cha jioni.

Halafu ikaja harusi ya binti yao, Wakio, na hapo mambo yakawa mazito. Kwa ukoo wao, bibi harusi hatoki nyumbani kabla dada mkubwa wa mama yake hajamtasia. Kutasa ni desturi ya Wadawida. Mtu huchukua funda la maji, akalipuliza nje, akatamka kwamba hasira yote iliyokuwa moyoni ameitema, ndipo abariki. Baraka ya mwenye kinyongo haishiki. Na dada mkubwa wa Gertrude alikuwa Teresia, hakuna mwingine. Wakio akasema hatavaa gauni mpaka mama mkubwa amtasie, hata ikibidi harusi isogezwe. Alisema kwa upole, na Gertrude alimjua bintiye: akishasema kwa upole, imeisha hiyo. Basi mama akaongeza maombi. Akafunga. Mata kimya.

Harusi ikiwa imekaribia, alishuka Voi kumpelekea mboga Mwanamina, mwenye kibanda pale sokoni, mama wa Kiislamu ambaye wazee wake walitoka Pwani. Wamejuana miaka mingi na hawaogopani. Gertrude akamlalamikia kwamba anaomba na hasikilizwi. Mwanamina alimaliza kwanza kupanga kabeji zake, kisha akamwambia kuwa wachuuzi wa ndizi kutoka Taveta walishamsimulia ombi hilo neno kwa neno, na kama limefika Voi, basi Mata lilishafika zamani.

"Mama Wakio, nakuuliza kwa wema," alisema. "Wamsema nduguyo mbele za watu, na jina la Mungu walitia juu yake. Hiyo ni dua ama ni taarabu?"

Gertrude alitaka kukasirika, akaishia kuokota kapu lake. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Akirudi Bura alikumbuka lile fungu la Marko analolipenda kuliko yote, pale Yesu anaposema mkiomba, aminini kwamba mmepokea. Amelifundisha mara ngapi! Na siku zote alikuwa akifunga Biblia papo hapo, kabla ya mstari unaofuata, ule unaosema ukisimama kusali, usamehe kwanza. Mwalimu mzima wa Neno, jamani.

Asubuhi akaondoka kwenda Mata. Kwao mtu haendi ugenini mikono mitupu, na mkono ukishazoea kazi haumsubiri mwenyewe afikiri. Alipoutua mzigo mlangoni kwa dada yake ndipo alipoona alichobeba: gunia la kabeji. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Teresia akatoka na unga mikononi. Akamtazama mdogo wake, akalitazama gunia.

"Umekuja kuniombea hapa hapa?" aliuliza.

"Nimekuja kutasa, dada. Naomba maji."

Teresia akaingia ndani, akarudi na kikombe. Gertrude akachukua funda, akalipuliza kuelekea nje ya ua. "Nilichelewa," alisema. "Ulisema kweli, na ndiyo sababu nikakuchukia. Hasira hiyo nimeitema." Akalia kama mtoto. Teresia akakipokea kikombe, naye akatasa. Akasema neno lile lilikuwa uchungu wa msiba, na hata kama lilikuwa la kweli, mbele za watu hapakuwa mahali pake. Kisha akauliza Wakio anaolewa lini, akasema atakuja mapema.

Walikaa jikoni, mioyo imetulia. Ghafla Teresia akaanza kucheka peke yake, na Gertrude akataka kujua anacheka nini.

"Unafikiri ni wewe tu unayejua kuomba?" alisema Teresia. "Tangu matanga ya mama namwambia Mungu, mlete mdogo wangu, aje mwenyewe, mimi simfuati."

Gertrude akamgeukia. "Na mimi namwambia akulete wewe."

"Basi mmoja wetu ilikuwa lazima aambiwe hapana."

"Ni mimi," alisema Gertrude, na kwa mara ya kwanza hiyo hapana haikumuuma hata kidogo.

"Usijali, hata mimi sikupewa yote," Teresia alisema, akivuta gunia karibu na kuchukua kisu. "Nilimwambia, aje, ila asije na kabeji."