Sema Nimerudi

Juzi nilikuwa nakuna nazi uani, mwanangu amejilaza sebuleni na simu yangu, mara nikamsikia: "Nimekufa!" Kabla sijafikiri nikamjibu, "Sema nimerudi." Akachungulia mlangoni, akanitazama kama nimechanganyikiwa. Nikaendelea kukuna nazi. Kumweleza ningeanzia wapi? Bora nikueleze wewe.

Mwaka aliofariki mama tulibaki watatu: mimi, mdogo wangu wa kiume, na binti kitinda mimba, aliyekuwa bado ana pengo la meno ya mbele. Baba alishatangulia zamani. Arobaini ilipokwisha, shangazi alikuja kutoka Kibiti na mpango wake kamili: kitinda mimba atamchukua yeye, mdogo wangu aende kwa mjomba kule Ngorongo, mimi nibaki Mbwera na bibi.

"Mpunga ukivunwa tutaongea," bibi alisema. "Ukitosha, watoto hawa hawaendi popote."

"Haya, mama," shangazi akacheka. "Mie nipo."

Basi nikaacha shule, tukahamia shambani. Tuliishi kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti, tukilinda mpunga usiliwe na ndege. Tangu alfajiri ni kupiga debe na kuzungusha kombeo mpaka bega linakufa ganzi. Chakula kilikuwa muhogo wa kuchemsha, na kamba wachache siku mto ukitukumbuka. Tena tulikuwa na kitochi cha mama, kile kisimu cha vitufe chenye taa. Hakuna aliyekuwa akimpigia, lakini ndani yake mlikuwa na gemu ya nyoka.

Sikufichi, nyoka yule ndiye aliyenishikilia. Nilipokuwa namwongoza asijigonge ukutani, kichwani hamkuwa na msiba wala shangazi. Kidole gumba kilifanya kazi, mengine yote yakapumzika. Wadogo zangu waliniegemea mabegani, huku mmoja na huku mmoja. "Kulia, dada! Kata kulia! Aaa, dada mzito!" Akijigonga, wote kwa pamoja: "Umekufa!"

Siku moja bibi alikuwa anapanda ngazi na sufuria ya muhogo aliposikia neno lile. Akasimama katikati ya ngazi.

"Kwenye dungu langu hafi mtu tena," alisema. "Si unaanza upya?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi sema nimerudi."

Tangu hapo tukawa tunarudi, hata mara ishirini kwa siku.

Asubuhi moja wadogo zangu walikwenda kuchota maji. Nyoka alikuwa amerefuka kuliko siku zote, amejaza kioo, nami nimebana pumzi. Nilipoinua macho, kona nzima ya shamba ilikuwa inatikisika kwa ndege. Nikarusha mawe, nikapiga debe, nikalia. Walipoondoka, mashuke yalikuwa matupu. Nikaona wazi kuwa nimewagawa wadogo zangu kwa kidole gumba.

Bibi alikuja, akaitazama kona ile kwa muda mrefu. Nikampa kitochi, nikijua atakitupa mtoni. Akanirudishia.

"Umechoka, mjukuu wangu. Ukishakunywa chai, cheza. Ndege wa saa hizo ni wangu."

Na kweli, kila asubuhi bibi yule mwenye magoti mabovu alisimama kati ya mpunga akipiga debe na kuwatukana ndege kwa Kindengereko, matusi ambayo sisi hatukuruhusiwa kuyarudia, ili mimi nicheze.

Kona ile ilituumiza, lakini mpunga ulitosha. Shangazi alikuja, akachungulia ghalani, akala ubwabwa sahani mbili, akaondoka peke yake.

Bibi hayupo tena. Dungu lilikwenda na mafuriko. Kitochi kilivimba betri, kikazima. Mdogo wangu yuko Dar, kitinda mimba ameolewa Ikwiriri, na mimi uchovu wa msimu ule bado nimeubeba begani, nikiinua ndoo nausikia. Idi wakija kunitembelea hawapigi hodi. Wanasimama mlangoni, watu wazima na mabegi yao, wanapaza sauti: "Nimerudi!" Naacha ninachofanya, nawapokea mizigo.

Mimi mwenyewe, kwa nafsi yangu, neno lile sijalisema tangu kitochi kizimike. Sijaenda popote.