Chawa Walionifukuza Moroni

Mwaka tisini na tisa nilifukuzwa kwenye kisiwa changu mwenyewe, na chanzo ni chawa.

Chawa mdudu, jamani. Sio hawa wa siku hizi wanaolipwa kusifia watu. Enzi hizo uchawa haukuwa cheo.

Mniache nisimulie taratibu, maana nikiharakisha mtasema naongopa.

Mimi ni Mngazija, wa kisiwa cha Ngazija huko Komoro. Baba na mama wote wa Ntsoudjini, hapo kaskazini ya Moroni. Ila nimezaliwa Unguja, nimekulia Unguja, na ulimi wangu ulibaki hukohuko. Niliporudi kwetu nikiwa kijana, nikifungua mdomo kuongea Kingazija, watu wanacheka kwanza ndiyo wanajibu.

Halafu nikaenda kuoa Mutsamudu, kisiwa cha Nzwani. Mke wangu Saandia ni Mnzwani damu. Kwa hiyo juu ya Kiswahili changu nikapakia na Kinzwani cha mke. Ukinisikia unadhani redio imekwama katikati ya stesheni mbili.

Yeye Saandia alijaliwa. Kukaa kidogo tu Moroni, anaongea Kingazija cha mjini mpaka wauza samaki wanamuuliza yeye ni wa ukoo gani.

Tulipanga nyumba Badjanani, kwenye vichochoro vya karibu na Msikiti wa Ijumaa. Mimi fundi saa. Binti yetu mmoja, Laïla, darasa la pili, nywele mpaka mgongoni.

Sasa mwaka ule siasa ilikuwa imechafuka. Nzwani wameshajitenga na Komoro. Yamefanyika mazungumzo huko ng'ambo, Nzwani hawakusaini mkataba. Moroni ikapandwa na hasira. Vijana wakaanza kupita mitaani wakiwatafuta Wanzwani, wakiwapata wanawapeleka bandarini wapandishwe meli warudi kwao.

Saandia akaacha kutoka nje. Akazikunja shiromani zake zote, akazificha chini kabisa ya sanduku. Shiromani ni ile nguo nyekundu na nyeupe wanayojifunika wanawake wa Nzwani. Ukiivaa Moroni siku zile, umejitaja jina na mtaa.

Kazi yangu mimi ilikuwa moja tu. Mke wangu asijulikane.

Subirini muone nilivyoifanya.

Nilikwenda kumchukua Laïla shuleni, mwalimu akanivuta pembeni.

"Baba Laïla, usinielewe vibaya. Mtoto ana chawa. Akae nyumbani mpaka kichwa kiwe safi."

Nilisikia aibu mpaka masikioni. Mimi, mtu ninayepuliza vumbi kwenye saa za watu! Nikamshika mtoto mkono, tukarudi tukijibana ukutani.

Nyumbani nikamkalisha penye mwanga, nikavaa ile lenzi yangu ya kutazamia saa. Nikafunua nywele. Wallahi nilipiga kelele.

"Baba, unawaona?"

"Nawaona. Na wao wananiona."

Laïla akacheka mpaka akakaribia kuanguka.

Saandia wala hakushtuka. "Ni chawa tu, Baba Laïla. Tutampaka mafuta ya nazi, tutamchana kwa kitana. Leo, kesho, keshokutwa, mpaka mayai yaishe."

"Huko ni kuwafuga. Mimi nawamaliza leo leo."

"Wewe?"

"Mimi hapa."

Alinitazama, akaguna, akaenda zake uani kukuna nazi.

Mjuaji nikabaki na mtoto na chupa ya mafuta ya taa.

Msije mkaiga, tafadhali. Mafuta ya taa ni sumu, na yakishika moto hakuna hadithi. Mungu alitunusuru tu. Lakini mimi siku hiyo nilijiona daktari. Nikampaka Laïla kichwa kizima. Nilipomaliza, na mimi kichwa kikaanza kunila. Ndipo nikakumbuka kwamba kila siku nalala naye mto mmoja nikimpigia hadithi.

Nikajipaka na mimi.

Sasa tunahitaji nguo za kufunga vichwa, mafuta yasitudondokee machoni. Nikafungua sanduku, nikachimba mpaka chini, nikatoa shiromani mbili. Moja kichwani kwa Laïla, moja kichwani kwangu. Nimejipiga kilemba cha nguo ya kike, nanuka kama kibatari.

Hapo hapo nikapata wazo lingine. Je, kama chawa wameingia na sandukuni?

Nikachemsha kila kitu jikoni, Saandia hana habari. Mashuka, foronya, na shiromani zote za mke wangu zilizobaki. Uani hakukuwa na nafasi, halafu jua kali lilikuwa upande wa mbele. Nikafunga kamba toka dirishani kwetu mpaka ukuta wa pili, nikazianika juu ya kichochoro. Zikajaa pale, nyekundu tupu, ungedhani mna harusi ya Kinzwani.

Nikaketi kizingitini chini yake, mikono kifuani, naridhika na nafsi yangu.

Jirani yetu Bi Saoudat akapita na kikapu. Akasimama.

"Baba Laïla, u mzima?"

"Mzima, Bi Saoudat. Ni chawa tu, nimeshawamaliza."

"Mwanangu, hebu tazama juu."

Nikatazama juu.

Mwenzenu siri yote inapepea. Nikaruka nianze kuzianua, lakini nilichelewa. Sauti zilishaingia mwanzo wa kichochoro.

Wakaja kundi zima. Mbele yao kijana mrefu, wanamwita Nabhane. Akazitazama zile nguo, akanitazama na mimi nilivyojifunga.

"Mnzwani huyu hapa."

"Mimi si Mnzwani. Mimi Mngazija wa Ntsoudjini."

Wakacheka. "Basi ongea Kingazija tukusikie."

Mngazija akitaka kitu anasema *ngamwandzo*. Mtoto aliyeanza kutembea jana anajua. Mimi nilitaka kusema nataka muondoke mlangoni kwangu. Kwa hofu likanitoka la mke wangu, la Kinzwani, lile lenye *tsaha* ndani yake. Tena kwa lafudhi ya Unguja.

Wakaangua kicheko. Kila nilivyoapa ndivyo nilivyozidi kuwa Mnzwani. Nikamtaja babu, nikamtaja bibi, nikautaja na msikiti wa kwetu. Wapi! Nabhane akanivua kile kilemba, akajifunga yeye akitembea kwa madaha kama bibi harusi. Mwenzake akampokonya, akajifunga na yeye. Kilizunguka kundi zima.

Halafu Nabhane akaacha mzaha.

"Haya, tuseme wewe ni Mngazija. Hizi shiromani za nani? Kuna mwanamke wa Kinzwani humo ndani?"

Hapo ndipo niliposikia kwamba sauti ya mbuzi ya kukunia nazi uani imenyamaza. Saandia ameacha kukuna nazi. Yuko nyuma ya mlango, anasikia kila kitu.

Nikaelewa hesabu yangu ilivyokaa. Wakiniamini mimi, watamtafuta yeye.

"Zangu," nikasema.

"Zako wewe mwanamume?"

"Za marehemu mama yangu. Mimi ni Mnzwani. Haya, twendeni."

Mmoja hakuridhika, akataka aingie akague. Laïla akatokea mlangoni na kilemba chake, macho makavu, akaegemeza mgongo mlangoni.

"Usipite, utapata chawa. Mimi ninao. Na baba anao, tena wake ni wakubwa."

Yule kijana aliruka nyuma akamkanyaga mwenzake. Nabhane akapeleka mkono kichwani taratibu, akaivua ile shiromani, akaitupa.

Ndani hawakuingia. Mimi nikachukuliwa.

Bandarini nilikuta Wanzwani wenyewe, watu wazima na vifurushi vyao, wengine wanalia. Nilitaka kulia nikaona haya, maana mimi hata msiba ule haukuwa wangu. Tukapandishwa meli, Moroni ikabaki nyuma, na mimi najikuna. Mafuta ya taa hayakuwafanya kitu wale wadudu.

Tukafika Mutsamudu. Mlinzi wa bandarini ananiuliza natoka wapi. Nikajikaza, nikamjibu kwa Kinzwani changu bora kabisa.

Akageuka kwa wenzake. "Huyu Mngazija! Jasusi huyu!"

Ajabu ya Musa. Moroni nimeapa siku nzima hawakuniamini. Huku nimesema sentensi moja tu, wamenijua.

Aliyeniokoa ni mama mkwe. Bi Ramlati alisikia habari, akaja bandarini mwenyewe, amejifunika shiromani, akawafokea wale walinzi kama watoto wa chuo cha Kurani. "Mwacheni mkwe wangu! Ana ubongo gani wa ujasusi huyu?"

Sikujua nishukuru au ninune.

Nyumbani akaniletea mkeka. Nikakaa mbali naye, kwa heshima. Nikajizuia nisijikune. Nikashindwa.

"Una nini kichwani, baba?"

"Hakuna kitu, mama."

"Sogea."

Jamani, mama mkwe! Mtu ambaye hata kula mbele yake nakula kwa kujificha. Alinilaza kichwa kwenye paja lake, akanimiminia mafuta ya nazi, akashika kitana, mlango wazi, majirani wanapita na salamu juu.

Visiwani kwetu nyumba ni ya mke, mume ndiye anayehamia. Nyumba ya Saandia ilijengwa hapo hapo kwa mama yake, na mimi tangu nioe nilikuwa nikisingizia kazi Moroni. Bi Ramlati akawa anachana, anapasua chawa kwa kucha, anasema, "Kumbe mpaka nchi ivunjike ndiyo uhamie kwa mkeo."

Kwa siku nzima alikuwa anacheka peke yake. Mimi sikuwa na kicheko. Simu hazipiti, habari za Moroni ni za kutisha, na kila nikifumba macho namuona Saandia nyuma ya ule mlango. Je, walirudi? Walimkuta? Kila ilipotia nanga meli nilikimbia bandarini, mpaka wapagazi wakanizoea wakawa wananipungia mkono toka mbali kwamba hawamo.

Basi siku moja hawakupunga.

Saandia alishuka na Laïla, wazima, wasafi, nywele za mtoto zinang'aa kwa mafuta. Nilimkumbatia mke wangu mbele ya watu bandarini. Aibu zenyewe zilishaisha kwenye paja la mama mkwe.

Tulipofika nyumbani ndipo akatusimulia.

Siku chache baada ya mimi kuondoka, Nabhane alikuja kubisha hodi. Peke yake. Saandia akajua kwisha habari yake. Akafungua. Kijana amesimama, mkono kichwani, anajikuna.

"Mama, samahani. Bi Saoudat anasema humu ndani kuna kitana."

Kundi zima, jamani! Kile kilemba kilichozunguka kiliwagawia wote.

Saandia angefanya nini? Akamkalisha kizingitini, akaanza kuchana. Wakapiga soga kwa Kingazija, na Nabhane hana habari. Akamuuliza, "Mama, wewe Mngazija safi, ilikuwaje ukaolewa na yule Mnzwani?"

"Nikamshika kichwa vizuri asikimbie," Saandia anasema, "nikamwambia, Mnzwani ni mimi. Yule mliyempakia melini ni mtoto wa Ntsoudjini."

Kijana akaacha kujikuna. Akauliza, Ntsoudjini kwa nani? Saandia akamtajia jina la mama yangu.

Nabhane mama yake ni wa Ntsoudjini. Huyo mama yake ni binti wa mdogo wake mama yangu, tumbo moja, yaani kwangu ni dada.

Kwa asiyewajua Wangazija nimweleze. Mjomba kwetu si mtu wa kuchezea. Ndiye mkuu wa nyumba, ndiye anayekuozesha, bila yeye huna pa kusimama mbele za watu. Na Nabhane alikuwa amemvua mjomba wake kilemba, akamfukuza nchini.

"Alilia," Saandia akasema. "Alilia kama mtoto, na mimi naendelea kuchana. Tangu siku ile alishinda mlangoni kwetu, hapiti mtu. Mpaka meli ikapatikana, akatubebea mizigo mwenyewe."

Bi Ramlati akacheka mpaka akafuta machozi. Na mimi nikacheka. Nikataka kujitetea kidogo.

"Lakini mjue, mimi niliwaambia kuwa ni Mngazija. Niliapa. Msidhani ni ushujaa, ni vile hawakuniamini."

Saandia hakucheka.

"Nilikuwa nimeshika komeo, Baba Laïla. Nilikuwa natoka. Laïla ndiye aliyeuzuia mlango." Kisha akasema, "Nilisikia walipouliza nguo za nani. Nilisikia ulivyojibu."

Nikakosa la kusema. Mimi, mwenye lugha tatu.

Moroni hatukurudi mpaka mambo yalipotulia. Nabhane ndiye aliyetupokea, na hadi leo hawezi kunitazama usoni bila kujikuna.

Funzo la siasa mtatoa wenyewe, mimi si mtu wa siasa. Langu ni dogo tu. Mtoto akirudi na chawa, usione haya, usitafute kisiwa cha kukisingizia. Kaa naye penye mwanga, mafuta ya nazi, kitana, na subira, mpaka yai la mwisho. Na kama mkeo anajua kuliko wewe, mwache afanye. Mimi nilijifanya najua, na kama si wadudu wale wale, leo nisingekuwa na mke wa kumsimulia.