Hati Mbili Zilizopishana Gatina

Siku yangu ya kwanza katika masjala ya ardhi, mwanzoni mwa miaka ya tisini, Msajili alinikabidhi rula na kalamu nyekundu. Kisha akafungua rejesta, lile buku kubwa ambamo kila kiwanja kina ukurasa wake.

"Nekesa," akaniambia, "hapa hatufuti. Unapiga mstari mmoja, neno la zamani lisomeke, unaandika la sawa juu yake, mimi natia sahihi."

Alikuwa mtu wa maneno machache, koti la kijivu mwaka mzima, na chai hakuinywa mpaka ipoe.

Nilipanga chumba katika mtaa wa mabanda wa Laini Saba, karibu na reli. Asubuhi nilitembea hadi kazini pamoja na mafundi na vibarua, viatu vya ofisi nimevitia kwenye mfuko kwa sababu ya matope. Jumapili, majirani waliotoka magharibi mwa nchi kama mimi waliniletea hati za mashamba ya nyumbani, tukakaa mlangoni kuangalia kama jina la baba limeandikwa sawa. Nikizikumbuka Jumapili zile moyo hulainika. Tulibishana juu ya ekari, na hakuna hata mmoja wetu aliyemiliki udongo aliolalia.

Makosa mengi yalikuwa madogo: herufi iliyoachwa, nambari ya kitambulisho, nukta iliyokaa vibaya ikageuza kiwanja kuwa shamba. Hayo Msajili aliyarekebisha mwenyewe. Lakini kosa likigusa haki ya mtu mwingine, sheria ilitaka wahusika wote wakubali, la sivyo waende mahakamani.

Ndivyo nilivyomjua Mama Nyokabi wa mtaa wa Gatina, mjane aliyeuza mboga mbele ya nyumba yake ya mabati. Jirani yake, Mzee Karanja, alikuwa amejenga ghorofa ya kupangisha. Alipoomba mkopo, mthamini wa benki akagundua kwamba hati ya mzee ilikuwa ya kiwanja chenye mabati, na ya mama ndiyo ya kiwanja chenye ghorofa. Shamba la awali lilipogawanywa kuwa viwanja, nambari zilipishana. Kwa karatasi, ghorofa ilikuwa mali ya Mama Nyokabi.

Alipoitwa ofisini alikuja na mwanawe mkubwa, aliyesema wazi kwamba mamake hatatia sahihi popote. Mzee Karanja alikaa, kofia magotini. Msajili hakumsukuma mtu. Alinituma Gatina pamoja na mpima ardhi tukahakikishe mawe ya mpaka.

Mpima alipokuwa akivuta utepe, Mama Nyokabi alinishika mkono akanipeleka jikoni. Sakafu ilikuwa na maji meusi. Mtaro wa ghorofa ulimwaga maji pale, na kila alipolalamika, Karanja alimwambia ahame kama hapendi.

"Sasa niambie, mwanangu," akasema, "nikikataa, nani atanilaumu?"

Nilimwambia tu kwamba sheria inamruhusu kukataa.

Aliinyoshea ghorofa kidole. "Ile nyumba niliiona ikijengwa, jiwe kwa jiwe. Hakuna hata moja nililobeba mimi. Mwambie aondoe maji yake jikoni mwangu, halafu nitakuja."

Karanja alichimba mtaro mpya mwenyewe, kwa jembe, wapangaji wakimtazama kutoka juu. Mama Nyokabi akaja ofisini peke yake. Mwanawe alikuwa amekasirika, na alikaa muda mrefu bila kukanyaga kwake. Msajili akamuuliza mama kama kuna aliyemlazimisha. Akasema hakuna, akatia sahihi polepole. Karanja naye akatia yake. Nami nikaweka rula, nikapiga ule mstari mwekundu.

Siku hizi rekodi ziko kwenye kompyuta, na vijana husahihisha kwa kubonyeza. Sina ugomvi nao. Ila nakumbuka harufu ya karatasi kuukuu, na watu waliokuja wakiwa wameishika hati kwa mikono miwili.

Baada ya kustaafu nilikwenda Gatina kumsalimu Mama Nyokabi, mzee sana sasa, macho yamefifia. Nilimuuliza kama aliwahi kujuta.

"Mwisho wa mwezi," akasema, "nikisikia wapangaji wakipeleka kodi upande ule, najuta. Halafu nalala, na usingizi unakuja."